Msipindue shamba jipya mwezi wa pili

Kaskazi ikikaza, ukishika njia ya Jilore kwenda Langobaya, hapa Kilifi, utaona mambo yale yale kila mwaka: kichaka kimefyekwa, mabiwi yanafuka moshi, na trekta linapindua mchanga mkavu. Mwenye shamba amelipia kulimiwa kwa jembe la diski mara mbili, kisha anakaa kungoja masika. Wakulima wenzangu, shamba hilo linapoteza chakula chake kabla ya mbegu kuingia, na inaniuma kuona pesa ikilipwa kwa hasara hiyo.

Udongo wa porini, chini ya mirihi na migunga, umejaa vijidudu wasioonekana kwa macho. Kiangazi kikiwakausha, wengi hufa na waliosalia hulala. Mvua ya kwanza ikigusa, hao waliosalia huamka wakala mizoga ya wenzao pamoja na mboji, na kwa siku chache tu udongo hutoa kaboni dioksidi kwa wingi na kuachia nitrojeni, ambayo ndiyo chakula cha mahindi. Mtafiti wa udongo H. F. Birch alilichunguza jambo hili Muguga, karibu na Nairobi, akaliandika mwaka 1958: udongo uliokauka sana na kwa muda mrefu ndio unaoachia zaidi. Pori likiwa limesimama, mizizi iko tayari kuipokea nitrojeni hiyo. Ukilipindua, mabonge yanavunjika, mboji iliyojificha inabaki wazi, na mizizi haipo.

Kwenye mchanga wetu, sehemu ya nitrojeni huzama na maji hadi mahindi hayaifikii. Sehemu nyingine, udongo ukilowa chepechepe, hugeuka hewa ya naitrasi oksidi. Kilo moja ya hewa hiyo hupasha dunia joto kama kilo 270 hivi za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Tena udongo wa pori kavu hunyonya methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, kutoka hewani. Ukishindiliwa na magurudumu na kurundikiwa mbolea, kazi hiyo hupungua. Halafu mtu huyo huyo anakopa pesa ya mfuko wa mbolea, arudishe alichokipeperusha!

Kwa hiyo fyekeni, lakini msichome. Matawi yapangwe mistari ya kukingama mteremko, majani yabaki yamefunika ardhi. Trekta lisiingie. Chimbeni mashimo tu: sentimita 75 mstari hadi mstari, 50 shimo hadi shimo, kina 15. Pimeni kwa kamba yenye mafundo. Wengine hupima kwa hatua, baba upande huu na mtoto upande ule, na mistari ikifika katikati ya shamba haikutani. Hiyo si nafasi, ni kubahatisha, na hapo mtashindwa hata kupalilia.

Mashimo yawe tayari kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Tieni samadi iliyooza, viganja viwili, fukieni kiasi, kisha mbegu mbili kila shimo ardhi ikiwa bado kavu, kina cha sentimita 7. Mkizifukia juu juu, manyunyu ya siku moja yataziotesha na jua litaziua. Aliyechelewa apande ndani ya siku tatu baada ya mvua ya kwanza. Kungoja mvua ya pili "ili ardhi ishibe" ndiko kosa lenyewe, maana chakula kimeshaondoka.

CAN, mbolea ya dukani ya kukuzia yenye nitrojeni, msiiguse wakati wa kupanda. Ngojeni mahindi yafike magotini, udongo ukiwa na unyevu lakini maji hayajatuama. Kila mche kifuniko kimoja cha soda, sentimita 10 kutoka shinani, na ufukie. Kuimwaga juu ya ardhi mvua kubwa ikinyesha ni kuitupa.

Majani yakiwa kijani kilichokolea kabla ya mbolea hiyo, mmefanya sawa. Baada ya palizi ya kwanza pandeni kunde katikati ya mistari, ili mahindi yakivunwa mizizi mingine iwe bado ardhini.