Sensa inasoma vizuri mpaka uwashe Wi-Fi? Angalia pini
Wadau mnaotengeneza vifaa vya nyumbani kwa ESP32 ile ya kawaida (kile kibodi kidogo chenye chipu ya Wi-Fi), hii itawaokolea usiku mzima. Nilikuwa na sensa ya kupima maji kwenye simtanki, nimeichomeka pini ya GPIO 25, mezani inasoma safi kabisa, kuwasha Wi-Fi tu namba zinakuja za ajabu, nikabadilisha waya, nikabadilisha mpaka sensa yenyewe, wapi! Kumbe pini za ADC2 (kundi la pili la pini zinazosoma volti za sensa na kuzigeuza namba), yaani 0, 2, 4, 12 hadi 15 na 25 hadi 27, zinagombana na Wi-Fi. Hamishia waya kwenye 32 au 33, hizo ni za kundi la kwanza, ADC1, hazina shida. Hata 34 inafaa, ila hiyo ni ya kupokea tu. Na programu yako ijaribu Wi-Fi ikiwa imewaka tangu siku ya kwanza.