Paka Aliyezalia Nje: Kumtunza Pamoja na Wanawe

Ukikuta vitoto peke yao, usiviokote upesi. Huenda mama yuko mawindoni. Nyunyiza unga kidogo kuzunguka kiota, ukae mbali kwa saa kadhaa. Nyayo zake zitakuambia kama amerudi. Ila kitoto cha baridi kisichochangamka hakisubiri: kipashe joto kwanza, maana kukilisha kikiwa baridi kunaweza kukiua.

Weka karibu boksi la plastiki lenye mfuniko, lililoinuliwa kidogo kutoka chini, na tundu la sentimita 15 hivi. Tandika mabua makavu ya ngano au mpunga, si blanketi, kwani kitambaa hushika unyevu. Usiwahamishe wewe, mama ataamua.

Mpe mama chakula cha vitoto vya paka, chenye nguvu zaidi, mara 2 au 3 kwa siku, pamoja na maji safi. Sahani ikae mita chache kutoka kiotani, uiondoe akishiba, la sivyo sisimizi na mbwa watafuata harufu. Maziwa ya ng'ombe huharisha.

Vitoto huanza kuonja chakula laini wiki ya 4. Anza kuvizoesha mikono mapema, kabla ya wiki ya 8. Mama anaweza kushika mimba akingali ananyonyesha, hivyo panga afungwe uzazi mara vikiachishwa.