Jinsi ya kuifumania seli ikitengeneza histoni zake

Kama umepewa kazi ya kuonyesha kwamba seli inatengeneza histoni zake nyingi (protini ambazo DNA inazungushiwa) pale tu inaponakili DNA, soma hii kabla hujashika pipeti, manake mimi nilipoteza wiki tatu nzima kwa ujinga mmoja ambao ntausema huko chini.

Kwanza elewa mzigo ulivyo. DNA ya seli moja ya binadamu ni kama herufi bilioni 6, na kila baada ya herufi 200 hivi kuna nyukleosomu, yaani histoni nane zimeshikana halafu herufi 147 zimezungushiwa pale kama uzi wa cherehani. Piga hesabu, ni nyukleosomu milioni 30, na seli ikinakili DNA inatakiwa itafute zingine milioni 30 ndani ya masaa nane hivi ya awamu ya S, yaani kile kipindi cha kunakili DNA. Zikipungua DNA mpya inakaa uchi, zikizidi nayo ni balaa, maana histoni zina chaji chanya kibao zinang'ang'ania DNA na RNA hovyo. So bomba la histoni lifunguliwe kwa wakati na lifungwe kwa wakati.

Bomba lenyewe liko wapi? Hapa ndo patamu. mRNA (zile nakala za jeni zinazosomwa ili protini itengenezwe) karibu zote za seli zetu zina mkia mrefu wa herufi A, ila hizi za histoni za awamu ya S hazina mkia, mwisho wake umejikunja kama kibanio cha nywele, na kuna protini inaitwa SLBP inakaa juu ya hicho kibanio. SLBP ndo inasaidia mRNA ikatwe pale panapotakiwa (ikishirikiana na kachembe ka RNA na protini kanaitwa U7), itoke kwenye kiini, halafu isomwe na ribosomu, mashine za kutengeneza protini. Seli ikikaribia S, SLBP inapanda, S ikiisha inavunjwavunjwa. Na kule kwenye jeni kuna protini nyingine, NPAT, inawashwa na protini saiklini E na CDK2, walewale wanaoanzisha kunakili DNA, yani swichi moja inawasha taa mbili.

Haya, kazini. Chukua seli za HeLa, zile seli za saratani ya binadamu zinazofugwa maabara, ni rahisi kuzipanga foleni. Unaweka thaimidini (malighafi ya herufi T ya DNA) 2 mM mara mbili. Thaimidini ikijaa, seli inadanganyika kwamba malighafi ipo tele inafunga kiwanda, matokeo yake herufi C inaadimika na kunakili kunagoma, seli zote zinajikusanya mlangoni mwa S. Panga saa zako vizuri usije ukalala maabara: weka thaimidini ya kwanza saa kumi jioni, kaa masaa 18, saa nne asubuhi osha na PBS (maji ya chumvi) ya vuguvugu mara mbili uweke midia safi, yaani chakula cha seli, masaa 9 baadae saa moja jioni rudisha thaimidini, kaa masaa 17, kesho yake saa sita mchana osha tena uziachie. Hiyo ndo saa sifuri yako. Chukua sahani moja kila baada ya masaa mawili mpaka saa nne usiku. Beba chapati.

Kila sahani igawe mara tatu: ya RNA, ya protini, na kidogo ya kuhifadhi kwenye ethanoli baridi ya asilimia 70 ili upake propidiamu ayodaidi, rangi inayoshika DNA, upime DNA. Usiruke hiyo ya tatu. Kama grafu ya kipimo haionyeshi mlima mmoja unasogea kutoka DNA ya kawaida kwenda maradufu, seli zako hazikupangika, na vyote vingine ni kupoteza pesa.

Sasa ule ujinga wangu. Nilitengeneza cDNA (nakala ya DNA kutoka kwenye RNA) kama nilivyozoea, na praima (vipande vifupi vya kuanzishia nakala) za herufi T tupu, zile zinazodaka mkia wa A. PCR, kile kipimo cha kuzidisha DNA, ikatoka karibu hamna kitu, nikalaumu RNA, nikalaumu seli, nikalaumu mpaka friza. Mkia wenyewe haupo bana! Zile T zilikuwa zinashika hewa. Tumia praima za nasibu, basi. Afu jeni hizi hazina introni (vipande vinavyokatwa na kutupwa mRNA ikitengenezwa) hata moja, kwa hiyo DNA kidogo tu ikibaki kwenye RNA yako PCR itaipiga kama mRNA na hutajua, lazima upitishe DNase, kimeng'enya cha kutafuna DNA, na uweke tiubu isiyo na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, hiyo tiubu inatakiwa iwe kimya. Na jeni ziko zaidi ya 60, nyingi zimerundikana kromosomu 6 na zinafanana kama mapacha, so chagua praima kwa makini. Kwa kulinganisha weka histoni H3.3, yenyewe ina mkia na introni na inatengenezwa muda wote, haitakiwi kuyumba sana.

Ukifanya vizuri utaona saa sifuri mRNA ni kidogo, inapanda haraka baada ya kuziachia, halafu S ikiisha inaporomoka.

Kuporomoka ndo mimi napenda zaidi. Tenga sahani zingine, masaa matatu baada ya kuziachia, seli ziko katikati ya kunakili, weka haidroksiyurea 5 mM, dawa ya kusimamisha kunakili, chukua sampuli dakika 0, 15, 30 na 45. Utaona mRNA ya histoni inayeyuka mbele ya macho yako wakati H3.3 imetulia tu. Seli ikigundua kunakili kumesimama, inapachika herufi U mwishoni pale kwenye kibanio, protini UPF1 inaitwa ije, mRNA inatafunwa. Weka na sahani moja yenye saiklohekisimaidi, dawa ya kusimamisha ribosomu, pamoja na haidroksiyurea: hapo haiyeyuki, kwa sababu lazima ribosomu ziwe zinaisoma ndo ivunjwe.

Ile sehemu ya protini sasa ipitishe kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa utafute SLBP. Usishtuke, kwa hesabu uzito wake ni kDa 31 ila kwenye jeli inakaa karibu na 45, mtu asikwambie antibodi yako mbovu. Weka sampuli za haidroksiyurea pembeni ya zile za saa ya nane na ya kumi. Kwenye haidroksiyurea mRNA imeisha lakini SLBP ipo palepale, kwenye masaa ya mwisho vyote viwili vimeondoka. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye prezentesheni seli inafungaje bomba, usijibu njia moja, kuna kuivunja mRNA na kuna kuivunja SLBP, onyesha hiyo jeli.