Tuta la fanya juu halipimwi kwa jicho

Masika yakipita, makorongo mapya katika mashamba ya milimani mara nyingi huanzia mahali pale pale ambapo mkulima alitoa jasho kuyazuia: kwenye tuta la fanya juu lililopasuka, yaani tuta la udongo uliochimbwa mtaroni na kutupwa upande wa juu wa mteremko. Jembe halikukosea, na mara nyingi hata udongo hauna lawama. Kilichokosewa ni mstari. Mwenye shamba alisimama upande mmoja, akatazama ng'ambo, akanyoosha mkono, vibarua wakaanza kuchimba. Au alifuata mpaka wa jirani, au njia ya ng'ombe, kwa kuwa ilionekana imelala sawa.

Haikulala. Tupige hesabu kidogo. Shamba lina mteremko wa asilimia 10, tuta lina urefu wa mita 60 na ncha zake zimezibwa, na kutoka hapo hadi tuta la juu yake ni mita 13.5. Kipande hicho kina mita za mraba 810. Mvua ya milimita 40 ikinyesha jioni moja, zimeanguka lita 32,400. Tuseme nusu imezama ardhini. Lita 16,200 zinakuja kwenye tuta. Tuta la kimo cha sentimita 40, lililokaa sawa mwanzo hadi mwisho, lina nafasi ya lita 48,000 hivi, maana maji hutanda nyuma yake mita 4 kuelekea juu. Litayapokea yote na nafasi itabaki.

Sasa mstari huo huo ukikosewa kwa asilimia 1 tu, yaani ncha moja iwe chini ya nyingine kwa sentimita 60, maji yote yanakimbilia upande mmoja. Mita 20 za upande wa juu hazishiki hata debe, na tuta zima linaweza kubeba lita 10,700 tu. Zaidi ya lita 5,000 zinaruka tuta mahali pamoja, zinalikata, na kushukia tuta linalofuata ambalo tayari lina mzigo wake. Hapo ndipo korongo linapozaliwa. Shamba lisilo na tuta lolote lingepoteza udongo kidogo kidogo katika eneo lote. Hili limekusanya maji na kuyapa mlango mmoja.

Asilimia 1 jicho halioni. Mlimani ndiyo kabisa, kwa sababu mteremko wote unaouzunguka mstari unalidanganya jicho. Wamatengo wa Mbinga huchimba ngoro, mashimo mengi yenye matuta pande zote, kila shimo likibeba maji yake. Shimo moja likikosewa, hasara ni ya hapo hapo. Tuta refu halina msamaha huo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unahitaji uzi wa mwashi wa mita 10, fito mbili zenye alama kwenye kimo kilekile (mita 1.5 inatosha), na pima maji ndogo ya kutundika kwenye uzi. Watu watatu: wawili washike fito, mmoja asome. Funga uzi kwenye alama, kisha tundika pima maji katikati kabisa, mita 5 kutoka kila fito. Si karibu na katikati. Uzi hulegea kwa uzito wake, na pima maji ikiwa upande mmoja itasoma ule mlegeo badala ya ardhi. Kabla ya kuanza, ligeuze pima maji upande wa kulia uwe kushoto. Kiputo kikihama, kifaa kina kasoro, usikitumie. Uzi uvutwe kwa nguvu ileile kila mara, na fito isikanyage bonge la udongo wala kuzama kwenye tundu la panya. Kosa la sentimita 3 kwa kila mita 10 ni sentimita 18 mwishoni mwa tuta la mita 60.

Anza kwa kupima mteremko. Nyoosha uzi kuelekea chini, shusha ncha ya juu au pandisha ya chini hadi kiputo kitulie katikati, kisha soma tofauti ya kimo. Sentimita 100 ndani ya mita 10 ni asilimia 10. Sentimita 50 ni asilimia 5. Nafasi kati ya tuta na tuta ndiyo hii: mteremko wa asilimia 5, mita 19.5, asilimia 10, mita 13.5, asilimia 15, mita 11.5, asilimia 20, mita 10.5. Wengi huongeza nafasi ili wapunguze kuchimba. Ukiweka mita 20 palipotakiwa 13.5, umeongeza maji kwa karibu nusu nzima juu ya tuta lilelile.

Kisha pigilia vigingi kuanzia juu ya shamba, kamwe usianzie chini, kila mita 10; ardhi ikipinda sana, kila mita 5. Katika maeneo makavu kama nyanda za chini za Same, kiputo kikae katikati kabisa na ncha za tuta zikunjwe kuelekea juu ili maji yabaki shambani. Penye mvua nyingi, kama Usambara ya juu, tuta lishuke kidogo kupeleka maji ya ziada: sentimita 2.5 hadi 5 kwa kila mita 10, si zaidi, na mwisho wake uwe njia ya maji iliyojaa majani. Kumwelekezea jirani maji, au kuyaelekeza kwenye njia ya kijiji, ni kumchimbia mwenzako korongo.

Vigingi vikishakamilika vitaonekana vimepindapinda, na mkulima atataka kuvinyoosha ili plau ipite. Nyoosha, lakini kwa kiasi. Kwenye mteremko wa asilimia 10, kusogeza kigingi nusu mita ni kosa la sentimita 5 za kimo. Usizidishe hapo. Na kigingi ukikisogeza kwenda chini, pahali hapo tuta liongezwe udongo kufidia.

Mtaro ni sentimita 60 kwa 60, udongo unatupwa juu, na kati ya ukingo wa mtaro na tuta unaachwa mkanda wa sentimita 15 hadi 30 usioguswa. Ukiubana, tuta litarudi mtaroni na mvua ya kwanza. Jenga kimo cha sentimita 50, ukishindilia kila tabaka, maana udongo uliochimbuliwa hushuka. Unachotaka kubaki nacho ni 40.

Halafu jambo ambalo karibu kila mtu huliruka: rudisha uzi na pima maji juu ya mgongo wa tuta lililokamilika, kila mita 5. Mstari wa chini unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini vibarua wakachoka upande mmoja, au watu na mbuzi wakavukia mahali pamoja. Mgongo ukishuka kutoka sentimita 40 hadi 20 sehemu moja tu, uwezo wa tuta zima haubaki nusu. Unabaki robo, lita 12,000, kwa sababu kina cha maji na upana wake nyuma ya tuta hupungua kwa pamoja.

Chimba Agosti na Septemba, baada ya mavuno, na umalize kabla ya vuli. Tuta linalochimbwa mvua ikiwa imeshaanza ni udongo laini unaosubiri kubebwa. Majani yapandwe na mvua za kwanza za vuli, mistari miwili iliyopishana, sentimita 30 kila upande: mabingobingo au guatemala penye mvua, makarikari penye ukame. Msimu wa kwanza mifugo isikanyage tuta kabisa, hata kama ni desturi kuachia ng'ombe mashambani baada ya mavuno.

Mvua ikinyesha na maji yakatanda kwa usawa nyuma ya tuta zima, umepatia.

Mwenye tuta lililokwisha kupasuka asikimbilie kuziba tundu kwa viroba vya mchanga. Maji yatarudi palepale, maana ndipo penye chini. Pima mgongo wote kwa uzi. Ikiwa kosa ni mabonde mafupi tu, yajaze na kuyashindilia. Ikiwa tuta zima linashuka upande mmoja, likate vipande kwa vizuizi vya udongo vinavyopanda kuelekea juu ya shamba, kimo chake sawa na tuta, kila mita 10, ili kila kipande kishike maji yake wakati ukingoja kiangazi kulipima upya.