Kabla Hujanunua RAM ya Kompyuta Kuukuu ya Mezani

Hakikisha kwanza kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo inayokukwamisha. Fungua programu zako zote za kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie matumizi. Ikiwa RAM imejaa nusu tu huku diski inagonga asilimia 100, fedha yako iende kwenye SSD, yaani diski yenye kasi zaidi. Tazama pia kama Windows yako ni ya biti 32. Ikiwa ndiyo, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukijaza sloti zote za kuchomekea RAM, na kuhamia biti 64 ni kuisimika upya, kwa hiyo mafaili yahifadhiwe kwingine mapema.

Kisha fungua boksi, chomoa kijiti kimoja cha RAM, usome lebo yake. DDR2 na DDR3 ni vizazi viwili vya RAM. Kijiti cha DDR2 na cha DDR3 vina urefu uleule na pini 240 kila kimoja, ila pengo la katikati haliko mahali pamoja. Kikigoma kuingia, usikilazimishe. Sloti ikivunjika, ubao mama mzima unaweza kuharibika. Herufi iliyo mwishoni mwa namba kama PC3-10600 nayo ina maana yake: U ni ya kompyuta ya mezani, S ya laptopu, R ya seva. Ya R huuzwa rahisi sana mtumba, lakini mashine yako haitaitambua.

Linaloumiza watu zaidi ni chipu zenyewe, vile vipande vyeusi vilivyo juu ya kijiti. Dell OptiPlex 780 na 7010 zote hutumia DDR3. Zile za boksi kubwa zina sloti nne, lakini 780 huishia GB 16 na 7010 GB 32. Kwa 780, kijiti kisizidi GB 4, na hizo GB 4 ziwe zimegawanywa kwenye chipu 16, nane kila upande. Mimi niliwahi kuinunulia vijiti viwili vya GB 4 vyenye chipu nane upande mmoja tu. Viliingia vizuri mpaka vibanio vikalia ka! Nikawasha: feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Nikavipeleka kwenye 7010, vikafanya kazi bila tatizo. Tangu siku hiyo siweki mkono mfukoni kabla sijahesabu chipu na kuona 2Rx8 (safu mbili za chipu nane nane) kwenye lebo. Ikisema 1Rx8, namrudishia muuzaji palepale.

Patana naye mapema kwamba visiposoma utavirudisha. Nunua viwili vinavyofanana. Siku ya kazi, chomoa waya wa umeme, shikilia swichi ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha boksi kabla ya kushika RAM. Uwe na raba safi ya kufutia penseli: meno ya kijiti (yale ya chuma yanayoingia kwenye sloti) yakiwa yamefifia, yasugue taratibu mpaka yang'ae, na unga wake upangusie nje ya boksi.

Vijiti vya zamani usivitupe wala kuviuza. Viweke kwenye bahasha mpaka vipya vimalize kipimo cha kumbukumbu cha Windows bila kosa hata moja.