Kuwaenzi wanamichezo wa zamani wa chuo: mwongozo kwa vyuo vya Moshi na Arusha

Katika vyuo vingi vya Moshi na Arusha kuna kabati la kioo lenye vikombe vilivyofifia rangi. Juu ya kila kikombe limechongwa jina la mashindano na mwaka, lakini halimo jina hata moja la waliokitolea jasho. Wengi wao bado wako hai. Baadhi ni walimu wastaafu wanaoishi Marangu na Machame, wengine ni maofisa ushirika, wauguzi, mafundi na wahifadhi wa wanyamapori waliotawanyika nchi nzima, na wapo waliokwisha kuwa mababu na mabibi ambao wajukuu wao hawajui kwamba waliwahi kuvaa jezi ya chuo. Mwongozo huu ni kwa chuo, au umoja wa wahitimu wake, kinachotaka kuwatambua watu hao hadharani kwa heshima inayowastahili. Shauri langu kuu, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kwamba heshima ya kwanza ya mwanamichezo ni kuandikwa kwa usahihi kwa yale aliyoyatenda. Ngao, chakula na hotuba zije baadaye.

Kamati na kanuni

Iundwe kamati isiyozidi watu saba. Awemo ofisa michezo wa chuo, mkutubi (kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni ya kumbukumbu), wahitimu wa vipindi tofauti, na mwanafunzi mmoja anayecheza sasa. Wawemo pia wanawake waliocheza netiboli, mpira wa wavu au riadha, maana kamati ya wanaume watupu hukumbuka soka kwanza, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Kabla ya kutaja jina la mtu yeyote, kamati iandike kanuni ya nani anastahili. Jambo hili lisiahirishwe, kwa sababu kanuni ikitungwa baada ya majina kutajwa itaonekana imeshonwa kwa kipimo cha mtu fulani. Kanuni ieleze ni miaka mingapi iwe imepita tangu kuhitimu, ni mashindano ya ngazi gani yanayohesabiwa, kama vile yale ya vyuo vya ualimu ya UMISAVUTA au ya vyuo vya elimu ya juu ya SHIMIVUTA, na kama mafanikio yaliyopatikana baada ya kuondoka chuoni nayo yanaingia. Swali hilo la mwisho huleta ubishi mwingi. Suleiman Nyambui alikimbia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, Marekani, na katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5000 akiwa amevaa jezi ya Tanzania. Mtu ni yule yule na miguu ni ile ile, lakini mataji ya chuo ni ya chuo na medali ile ni ya taifa. Chuo kinaweza kuyataja yote mawili, mradi kiyataje mbalimbali na kisijitwalie sifa isiyokuwa yake.

Kanuni isipime ushindi peke yake. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, alianguka na kuumia goti, lakini aliendelea hadi akaumaliza mwendo akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia inamkumbuka Akhwari hadi leo, ilhali wengi waliomtangulia siku ile wamesahaulika. Basi kamati iache nafasi kwa nahodha aliyeishikilia timu wakati chuo hakikuwa na fedha za nauli, kwa mwanafunzi mwenye ulemavu aliyefungua njia kwa wenzake, na kwa kocha aliyefundisha bila malipo. Na pale ambapo ushindi ulikuwa wa timu, itambuliwe timu nzima, pamoja na wachezaji wa akiba. Mfungaji wa mabao asichaguliwe peke yake kwa sababu tu jina lake ndilo linalokumbukwa.

Kutafuta ushahidi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Anzeni na majalada ya chuo: ripoti za mwaka, barua za kuomba usafiri wa timu, orodha za wachezaji zilizopelekwa kwa waandaaji wa mashindano, na picha za pamoja. Orodha ya posho ya safari, ambayo hakuna aliyedhani ingekuwa na thamani, huwa shahidi mzuri kuliko hotuba, kwa kuwa ina majina kamili, tarehe na saini. Baada ya hapo nendeni kwenye magazeti ya kipindi husika, kama Uhuru, Ngurumo na Daily News. Mwisho waombeni wanamichezo wenyewe wafungue masanduku yao, maana vyeti na picha vingi viko majumbani.

Simulizi za mdomo zina thamani kubwa, lakini zichukuliwe kwa utaratibu. Wahojini wachezaji wawili au watatu wa timu moja, kila mmoja peke yake, kabla hawajakutanishwa. Wakikutana kwanza, kumbukumbu ya mwenye sauti kubwa hugeuka kuwa kumbukumbu ya wote. Rekodini sauti kwa ridhaa yao, na pale maelezo yanapogongana, andikeni kwamba yamegongana.

Majina yana mitego yake. Mchezaji wa netiboli aliyeandikwa kwa jina la baba yake alipokuwa mwanafunzi huenda leo anafahamika kwa jina la mume, au anaitwa mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mtafuteni kwa majina yote, kisha mumwulize yeye mwenyewe ni lipi analotaka lichongwe kwenye ngao. Majina ya Kiiraqw, Kimaasai na Kichaga yaliandikwa na makarani kwa tahajia za kila namna, hivyo watu watatu kwenye orodha huweza kuwa mtu mmoja. Jina la chuo nalo hubadilika. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2004, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Aliyekichezea mwaka 1975 aandikiwe jina la chuo kama lilivyokuwa wakati ule, na jina la sasa lifuate kama maelezo.

Vipimo vinahitaji uangalifu wa pekee katika riadha. Matokeo ya zamani yanaweza kuwa katika yadi na maili. Yadi 100 ni mita 91.44, na yadi 440 ni mita 402.34, kwa hiyo muda wa yadi 100 hauwezi kuwekwa kwenye safu moja na muda wa mita 100. Tena, muda uliopimwa kwa saa ya mkono huwa mfupi kidogo kuliko ule wa vifaa vya kielektroniki, kwa kuwa mpimaji hubonyeza baada ya kuona moshi au kusikia mlio wa bastola. Desturi ya kulinganisha ni kuongeza sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na sekunde 0.14 kwa mita 400. Lakini kwenye ngao uandikwe muda uleule uliotangazwa siku ya mashindano, na ulinganisho ubaki ndani ya rejista ya wanamichezo wa heshima, ambayo nitaieleza mwishoni. Kumbukeni pia kwamba Mji wa Arusha uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1400, ambako hewa ni nyepesi. Mkimbiaji wa mita 5000 aliyeshinda pale, kwenye uwanja wa vumbi au nyasi, asidharauliwe kwa sababu mwenzake wa Dar es Salaam ana muda mzuri zaidi.

Kuandika wasifu wa kusomwa

Wasifu wa heshima usizidi nusu ukurasa kwa kila mtu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kujaza sifa za jumla. Sentensi kama "alikuwa mwanamichezo hodari aliyeipeperusha vema bendera ya chuo" yaweza kusomwa kwa mtu yeyote, na kwa hiyo haimheshimu yeyote. Linganisheni na hii: "Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akivunja rekodi ya dunia iliyokuwa imewekwa na Jim Ryun mwaka 1967." Humo hamna neno la kusifu hata moja, na bado msikilizaji anashusha pumzi. Wanamichezo wa chuo chenu wengi hawana rekodi ya dunia, lakini wana tarehe, uwanja, wapinzani na matokeo. Andikeni hayo, kisha muongeze sentensi moja au mbili juu ya namna walivyocheza, zitoke kwa mtu aliyewaona.

Mhusika apelekewe wasifu wake ausome kabla ya siku yenyewe, na asahihishe. Hapo hapo aombwe ridhaa ya maandishi ya kutumia picha na maelezo yake, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Habari za magonjwa, ndoa na kipato hazina nafasi katika wasifu wa michezo.

Kwa aliyefariki, nendeni nyumbani kwake, msiishie kwenye simu. Salimieni, toeni pole hata kama msiba ni wa miaka mingi, kisha mueleze nia yenu mbele ya mjane au mgane, watoto na wazee wa ukoo, na muiachie familia iamue nani atapokea. Kamati isichague mpokeaji. Ngao ni moja na huenda ikabaki kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, lakini hati ya heshima inaweza kuchapishwa nakala za kutosha ili kila mtoto awe na yake.

Siku ya heshima

Kwa vyuo vya Moshi, siku zinazofaa ni zile za mwisho wa Disemba, wakati Wachaga wanaoishi mbali wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, ingawa wanafunzi huwa likizo. Kama wanafunzi lazima wawepo, na mimi naona ni muhimu wawepo, chagueni siku ya mashindano ya ndani ya chuo katikati ya muhula. Epukeni masika ya Machi hadi Mei, kwa kuwa barabara za milimani huteleza na wazee hawapaswi kuhangaishwa. Wikiendi ya Kilimanjaro Marathon nayo, ambayo huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi na kuanzia na kumalizikia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, huujaza mji wageni, na vyumba vya kulala huwa haba.

Nauli itolewe kabla ya safari, ya mgeni na ya mtu wa kumsindikiza. Mzee asiambiwe atunze tiketi arudishiwe fedha baadaye. Viti vya waheshimiwa viwe kivulini, karibu na choo, na pasiwe na ngazi za kupanda jukwaani kwa mtu ambaye magoti yake yamechoka. Ikiwa hawezi kupanda, mgeni rasmi ashuke amfuate alipo.

Ratiba iwape wanamichezo wenyewe muda mwingi kuliko viongozi. Hotuba ya mgeni rasmi iwe ya dakika kumi, na ije baada ya heshima kutolewa, isiwatangulie. Kila wasifu usomwe na mtu anayeweza kutamka majina bila kubabaika, ikiwezekana mchezaji wa sasa wa mchezo uleule, kisha mhusika apewe kipaza sauti kama anapenda kusema. Wengi watataja wenzao waliokufa, na mshereheshaji asiwakatize kwa muziki. Ikiwa mfuko unaruhusu, ndafu, yaani mbuzi mzima aliyebanikwa, ikatwe mbele yao, nao wawe wa kwanza kulishwa. Mfuko usiporuhusu, chai na vitafunwa vinatosha. Ngao isomwe herufi kwa herufi na watu wawili kabla fundi hajaanza kuchonga, na tena kabla ya kuichukua dukani.

Baada ya sherehe

Majina yaingizwe katika rejista ya wanamichezo wa heshima, iliyojalidiwa na kutunzwa maktabani, wala si katika ofisi ambayo mkuu wake akihamishwa funguo hupotea. Kila ukurasa uwe na wasifu, orodha ya ushahidi uliotumika na mahali ulipo, na nafasi ya masahihisho. Kosa likigundulika, lisifutwe. Lipigwe mstari, sahihisho liandikwe pembeni pamoja na tarehe na saini, na mhusika au familia yake iarifiwe kwa barua. Nakala ya pili iwe ya kidijitali, nayo ihifadhiwe na umoja wa wahitimu. Vile vikombe vya kabatini navyo vitolewe vumbi, na chini ya kila kimoja iwekwe kadi yenye majina ya kikosi kizima, hata kama mengine bado hayajapatikana. Mahali pa jina linalokosekana paachwe wazi, pakiwa na ombi kwa anayelijua alifikishe kwa mkutubi.