Kabla ya Ultrasaundi ya Figo na Kibofu kwa Mwenye Saratani ya Shingo ya Kizazi

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba fomu ya daktari haikutaja nyonga peke yake, bali imetaja pia figo zote mbili na kibofu. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hupita karibu sana na shingo ya kizazi, hivyo uvimbe unaotambaa pembeni unaweza kuibana pasipo maumivu yoyote, mkojo ukakosa njia na figo ikatanuka. Figo iliyotanuka kwa sababu hiyo huuweka ugonjwa angalau katika hatua ya 3B (kati ya hatua nne za saratani hii), na ikiwa utendaji wa figo umeshuka, daktari hulazimika kufikiri upya kuhusu sisplatini, dawa ya saratani inayoweza kuumiza figo.

Kibofu ndicho kinachowasumbua wengi. Kipimo cha juu ya tumbo huhitaji kibofu chenye mkojo wa kutosha, lakini anayekuja Dodoma mjini kwa basi kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni asianze kunywa maji njiani; afike kwanza hospitalini, aulize foleni ikoje, ndipo anywe, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji. Kibofu kilichojaa kupita kiasi huweza kuzifanya figo zionekane zimetanuka kidogo, kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kuomba zitazamwe tena akishakojoa. Kipimo cha kupitia ukeni, ambacho huonyesha vizuri zaidi kama ukuta wa kibofu bado unateleza juu ya shingo ya kizazi au umeshikamana nayo, huhitaji mkojo kidogo tu. Mwenye mpira wa mkojo aseme mapema, kwa kuwa huenda wahudumu wakaubana kwa muda.

Abebe barua ya rufaa, majibu ya kinyama (kipande kidogo kilichokatwa ili kupimwa saratani) na ya kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo), picha za zamani na kadi ya bima, na aeleze kama aliwahi kupasuliwa nyonga, kupata mionzi au kutolewa figo.

Ultrasaundi haitoi hukumu ya mwisho kuhusu kibofu: ukuta ulionenepa unaweza kuwa umevimba tu, na uthibitisho hutokana na kuchungulia ndani kwa kamera na kuchukua kinyama. Hata hivyo, mwenye homa pamoja na maumivu ya ubavuni, au aliyeacha kupata mkojo, asisubiri tarehe ya kipimo. Aende idara ya dharura siku hiyo hiyo.